Chaki Laini

Siku ambayo nyumbani kwetu tulikuja kuiita siku ya kwanza ya ugonjwa, mke wangu alikuwa amekaa hatua nne kutoka nilipokaa mimi, mkasi ukining'inia shingoni mwake kwa kamba nyeusi. Ilikuwa Jumanne, baada ya chai ya saa nne. Kutoka chumba cha pasi tulisikia mtu anacheka, halafu akaacha kucheka, halafu akamwita msimamizi. Tulipofika tulikuta koti la shule limetundikwa kwenye hanga bila mkono wa kushoto. Mkono ulikuwa sakafuni. Mpiga pasi alichukua koti la pili, akalitundika, akalitikisa kidogo, na mikono yote miwili ikadondoka.

Yalikuwa makoti ishirini na matatu.

Kiwanda chetu kinashona sare za shule. Kabla koti halijapita kwenye cherehani, vipande vyake hushikizwa kwanza kwa mkono, kwa uzi mweupe wa hatua ndefu tunaouita bandi, ili visihame. Cherehani ikishapita, bandi haina kazi tena. Inakatwa na kuchomolewa. Anayeamua ipi ikatwe ni mkaguzi, na mkaguzi ni mimi. Nikiona mshono wa cherehani umeshika vizuri, naweka alama ya chaki pembeni ya bandi: kijiti chenye mkia mfupi unaoelekea kulia. Mwenzangu wa meza ya suruali huweka duara, kila mtu na lake. Mkata nyuzi haamui kitu. Penye chaki anakata, pasipo chaki anaacha.

Mke wangu alikuwa mkata nyuzi kwa miaka kumi na tisa. Kiwandani walimwita Mama Mkasi, na mimi wakaniita Chaki. Watu walikuwa wakimwambia kwamba angeweza kufanya kazi ile akiwa amefumba macho, naye akiwajibu kwamba amefumba macho tangu siku aliyokubali kuolewa na Chaki.

Koti hupita mezani kwake mara mbili. Mara ya kwanza kola imeshashonwa lakini mikono bado imeshikizwa kwa bandi tu. Mara ya pili mikono nayo imeshonwa. Siku ile alikuwa amekata bandi za mikono kwenye makoti ya mara ya kwanza. Hakukubaki kitu cha kuushika mkono.

Msimamizi alituita sote wawili mbele ya mashine za pasi. Mke wangu hakutetemeka wala hakupandisha sauti.

"Nilikata penye chaki, bosi."

Msimamizi aliyapindua makoti. Yale yalikuwa yameshapigwa brashi na mvuke, hakuna chembe ya chaki iliyobaki. Yaliyokuwa bado mezani kwake hakuna aliyekwenda kuyaangalia. Mimi sikwenda. Msimamizi akanigeukia akaniuliza kama niliweka alama kwenye mabega.

"Bosi, mimi najua nilipoweka chaki," nilisema.

Na ilikuwa kweli. Sikuweka chaki kwenye mabega yale. Mke wangu alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anavyoutazama mshono asiokuwa na hakika nao. Msimamizi alisema kwamba macho huchoka, si kosa la mtu, na kwamba apumzike nyumbani hadi aitwe. Mke wangu alirudi mezani kwake kuchukua mkoba wake, akaondoka. Mzigo ulikuwa unatoka Alhamisi, kwa hiyo makoti yote yalipigwa brashi haraka na mikono ikashikizwa upya. Mkono mmoja haukuonekana. Wakakata mwingine.

Hakuitwa tena.

Kwa miaka saba nilitaka kujua kitu kimoja tu: siku ile mke wangu alikuwa mzima au alikuwa ameanza kuumwa. Kama alikuwa ameanza kuumwa, basi maneno yangu hayakumdhuru mtu. Yaliifunua hali iliyokuwepo. Kama alikuwa mzima, basi nilimwondoa kazini mke wangu mwenyewe kwa sentensi moja.

Nyumbani alikuwa akipokea nguo za majirani, akibana viuno na kupandisha pindo. Nami nilimtazama. Akizidisha chumvi, niliweka moyoni. Akimwita mjukuu mmoja kwa jina la mwingine, kama bibi yeyote anavyofanya, niliweka moyoni. Aliwahi kuniambia, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, kwamba namkagua kama koti. Nilicheka. Hakucheka.

Mwaka wa nne ndipo lilipokuja jambo lisilohitaji kutafutwa. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia jikoni hadi kwenye meza. Alikuwa anafungua droo moja baada ya nyingine. Aliniuliza kama nimeuona mkasi wake. Nilimwonyesha shingoni. Akaushika, akacheka, nami nikacheka naye. Kisha aliuinua kwa kamba yake akautazama kwa muda.

"Na huu ni wa nani?"

Tulikwenda kliniki wiki iliyofuata, sisi wawili na shemeji, kaka yake mkubwa, mtu anayependa kuongozana na wagonjwa kwa sababu anaamini madaktari humwogopa. Daktari aliuliza ilianza lini. Sikuitaja asubuhi ile ya jikoni. Nilikuwa na tarehe yangu ya zamani, niliyokuwa nimeitunza miaka minne, na niliitoa haraka. Nilisema ilianza ile siku ya makoti. Shemeji alitikisa kichwa, akasema ndiyo, ilianzia kazini, kila mtu anajua. Daktari akaandika. Mke wangu aliangalia viganja vyake.

Baada ya vipimo kurudi, daktari alitueleza. Alikuwa kijana mwenye subira, na alichora nyuma ya karatasi ya kliniki. Alichora seli mbili za neva kama miti miwili iliyokaribiana, matawi yakikaribia kugusana bila kugusana. Pale yanapokaribiana, alisema, ndipo mahali pa kazi yote: kukumbuka, kutembea, kumjua mtu. Aliita mahali hapo muunganiko. Halafu akachora seli nyingine, yenye umbo la nyota, imeuzungushia muunganiko vidole vyake. Alisema ubongo si seli za neva tu. Kuna seli nyingine nyingi zinaitwa glia, jina la zamani lenye maana ya gundi, kwa sababu wataalamu wa kale walidhani kazi yake ni kujaza nafasi. Kumbe zinafanya kazi. Zile za nyota hulisha muunganiko, hufuta kilichomwagika, na ubongo unapokua huziambia neva wapi ziungane. Bila hizo, neva zikiachwa peke yake huunganika kidogo tu.

Kisha akachora vitu vidogo vyenye miguu. Hizo nazo ni glia, alisema, ila hizi hutembea. Hupapasa miunganiko mmoja mmoja. Mtoto huzaliwa akiongezewa miunganiko kupita kiasi, na ile isiyotumika huwekewa alama, kitu kama protini inayonata, na hizi ndogo zikikuta alama zinaumeza muunganiko. Ndivyo ubongo unavyokaa sawa. Katika ugonjwa huu, kwa wanavyofikiri, alama zinarudi utu uzimani na zinabandikwa kwenye miunganiko mizuri, inayofanya kazi. Seli za neva zinakuwa bado hai, lakini hazipatani tena.

Nilidhani mke wangu hakufuata. Siku hizo alikuwa akipotea katikati ya maneno ya watu. Lakini alikuwa ameinamia karatasi kama anavyoinamia meza.

"Kwa hiyo nina wakata nyuzi kichwani," alisema.

Daktari alicheka, akasema hajawahi kusikia ikielezwa vizuri hivyo.

"Na chaki anaiweka nani?"

Daktari aliacha kucheka. Alisema hilo ndilo swali wanalolihangaikia dunia nzima, na hawajapata jibu kamili.

"Basi msiwalaumu wakata nyuzi, mwanangu. Wao wanakata penye chaki."

Shemeji alipiga paja, akasema dada yake hata akiumwa hasahau kazi. Mimi nilikuwa naangalia vigae vya sakafu. Kimoja kilikuwa na ufa unaofika hadi ukutani.

Siku hiyohiyo daktari alitaja kwamba kuna maabara inayochunguza ubongo wa watu waliofariki kwa ugonjwa huu, kama familia inaridhia. Alilitaja kwa uangalifu, si kama ombi. Mke wangu alisema anataka. Shemeji alikataa hapohapo. Alisema mtu anazikwa kama alivyoumbwa, na yeye hatasimama kaburini akijua ndani ya sanda kuna pengo. Walibishana kwenye korido, watu wakipita na vyeti vyao. Mke wangu alimwambia kaka yake kwamba asihofu, kichwa chenyewe atakuwa ameshamaliza kukitumia. Alitia saini mwenyewe huko maabara, kwa herufi zilizonyooka, wakati bado anaweza.

Miaka mitatu iliyofuata sina hamu ya kuiandika yote. Maneno yalitoka kwanza, halafu majina, halafu choo. Mikono ndiyo iliyochelewa kuondoka. Alikaa kitandani akipapasa pindo la shuka, akitafuta uzi, akiupata akiuvuta. Alifumua mashuka manne. Alifumua mkono wa shati nililovaa wakati namlisha uji. Tulimnyang'anya mkasi, akabaki anakata kwa vidole viwili hewani. Mwishoni hakuniita mume wake. Aliniita mkaguzi. Alikuwa akiushika uzi, akiniinulia macho.

"Mkaguzi, huu nikate?"

"Acha, mama. Huo bado."

Naye aliacha. Hadi wiki ya mwisho, nikimwambia aache, aliacha.

Alifariki Alhamisi mchana, nikiwa namimina maji kwenye glasi. Watu wa maabara walimchukua na kumrudisha kabla ya mazishi, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe vizuri sana. Shemeji hakunisemesha hadi siku ya tatu, na alipoanza aliongelea viti vya kukodi.

Miezi minane baadaye nilipigiwa simu. Fundi wa maabara, mwanamke wa umri wa binti yangu, alisema kwamba mama aliwahi kumwomba jambo alipokuja kutia saini: wakishaona, wamwonyeshe mume wake. Fundi alikuwa ameliandika pembeni ya fomu ili asisahau.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye baridi, kuta zimejaa makabati ya droo nyembamba. Fundi alinikalisha mbele ya hadubini, lakini jicho langu lilikataa kutulia, nikawa naona kope zangu mwenyewe. Akanihamishia kwenye skrini. Alisema hicho ni kipande cha ubongo chembamba kuliko karatasi, kimelazwa juu ya kioo na kupakwa rangi. Kilikuwa cheusi chenye nukta za kijani zilizotawanyika. Kila nukta ya kijani ni muunganiko. Alinionyesha kwanza kipande cha mtu mwingine, aliyekufa kwa moyo: kijani kimejaa kama mchanga. Kisha akarudisha cha mke wangu. Kulikuwa na sehemu kubwa nyeusi.

Zile seli ndogo zilikuwa nyekundu, zenye miguu mingi, zimekusanyika. Alivuta picha karibu. Ndani ya mwili wa moja, katikati ya wekundu, kulikuwa na nukta tatu za kijani.

"Hiyo imekula," nilisema.

"Ndiyo, mzee. Imekula."

Alinionyesha pia zile za nyota. Zilikuwa zimevimba, na vidole vilikuwa vimeachia miunganiko. Nilimuuliza kama zilijaribu kuzuia. Alifikiri, akasema hajui kama seli hujaribu.

Kisha akafungua ukurasa wenye mstari na nukta nyingi, akaniambia kwamba kila nukta ni mgonjwa mmoja. Upande huu ni miaka aliyoumwa, upande huu ni miunganiko iliyobaki. Nukta zote zililala karibu na mstari, isipokuwa moja iliyokuwa imekaa juu peke yake.

"Huyo ni mama. Tuliandikiwa ameumwa miaka saba. Kwa miaka saba tungetarajia imebaki michache kuliko hii. Anafanana zaidi na watu wa miaka mitatu hivi." Akaongeza upesi kwamba watu hutofautiana, na nukta moja si ushahidi.

Nilimuuliza kama kioo kinaweza kusema ugonjwa ulianza siku gani.

"Kioo hakina tarehe, mzee. Tarehe tunaipata kwa familia."

Nilirudi nyumbani. Mkoba wake wa kazi ulikuwa juu ya kabati tangu ile Jumanne. Hakuutumia tena, na mimi sikuwahi kuufungua. Nilisema ni kwa heshima. Niliushusha, nikafuta vumbi, nikafungua zipu. Kulikuwa na kitana, kitambulisho cha kiwanda, rola ya uzi mweusi, na chini kabisa gazeti lililokunjwa na kutiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ndani ya gazeti kulikuwa na mkono wa koti la shule, bluu iliyokoza. Ulikuwa umekunjwa kwa namna ambayo bega halikuguswa na kitu.

Kwenye bega kulikuwa na chaki. Kijiti chenye mkia mfupi. Mkia ulielekea kushoto.

Nilikaa chini. Wiki ile chaki ngumu ya mafundi ilikuwa imeisha stoo, na mtunza stoo alinipa chaki ya ubaoni, ile laini inayobaki vidoleni. Nililalamika siku moja, halafu nikazoea. Na mimi ndiye niliyepanga makoti mezani kwake, uso kwa uso ili yasijikunje, koti lililokamilika limelaliwa na koti ambalo bado. Uzito wa rundo ulifanya mengine. Alama yangu ilitoka kwenye bega lililoshonwa ikajipiga kwenye bega ambalo halijashonwa, imegeuka. Kwa kasi ya mkono wake hakuna mtu angeuona mkia umeelekea upande gani. Aliona chaki, akakata.

Lakini baadaye aliona. Aliporudi kuchukua mkoba aliona, akautia mkono mmoja ndani, akaukunja vizuri ili alama isifutike. Alikaa nao miaka saba kwenye nyumba moja na mimi. Alinisikia nikimwambia daktari. Alinisikia nikiwaambia majirani. Kwa nini hakuutoa, sijui. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa bado shuleni, na mshahara uliobaki nyumbani ulikuwa ni wangu peke yake. Labda ni hilo. Labda alikuwa anangoja niseme mwenyewe, na mimi nikachelewa hadi aliyengoja akawa hayupo.

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda maabara na ule mkono kwenye gazeti lake. Nilimweleza fundi yote, kuanzia chaki ya ubaoni hadi maneno niliyomwambia msimamizi. Alisikiliza bila kunikatiza. Aliutazama mkia wa alama kwa muda mrefu, akaweka kidole karibu nao bila kuugusa. Hakunipa pole, na nilimshukuru kwa hilo. Alitoa faili, akakata tarehe ya zamani kwa mstari mmoja, akaniuliza aandike ipi. Nilimpa tarehe ya ile asubuhi ya jikoni. Nilitia saini pembeni.

Shemeji nilimpigia simu. Nilimweleza yote, tangu chaki hadi tarehe.

"Umenifanya niseme uongo juu ya dada yangu," alisema. "Tena mbele yake."

Hajaja nyumbani tangu siku hiyo. Msimamizi wa zamani alishastaafu. Aliyepo sasa alinisikiliza akiwa amesimama, akasema hayo yalikuwa kabla yake.

Kwenye faili la maabara mke wangu aliumwa miaka mitatu. Mezani kwake amekaa mwanamke aliyehamishwa kutoka meza ya vifungo, na mimi bado nakagua makoti. Kati ya koti na koti naweka karatasi.